"Shamba Lina Karatasi": Kweli na Uongo wa Kununua Ardhi Kijijini

Swali la kwanza ambalo mtu wa mjini humuuliza dalali ni hili: "Shamba lina karatasi?" Dalali hujibu kwamba lina, na mara nyingi hasemi uongo. Karatasi ipo, ina muhuri wa kijiji, sahihi ya mwenyekiti, mashahidi wawili, na hata picha ndogo ya muuzaji imebandikwa pembeni. Mwaka unaofuata mnunuzi anafika na trekta na kumkuta mtu analima. Anapomuuliza, naye anatoa karatasi yenye muhuri uleule.

Visa kama hivi vikisimuliwa, lawama huenda kwa karatasi za kughushi. Zipo, lakini kwa maoni yangu si hizo zinazoliza watu wengi. Kinacholiza watu ni karatasi ya kweli iliyosainiwa na nusu tu ya watu waliopaswa kuulizwa. Shamba la kijijini lina wenye sauti wengi: mke wa muuzaji, ndugu zake, jirani anayekatiza katikati kwenda kisimani, mfugaji anayeshuka na ng'ombe kiangazi, halmashauri ya kijiji, na serikali yenye barabara, mto na madini yake. Muuzaji ni mmoja katika orodha hiyo, na ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Maneno yanayofuata utayasikia ukienda kutafuta shamba Kisarawe, Handeni, Mvomero au Muleba. Nazungumzia Tanzania Bara tu, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992.

"Nikishanunua, ardhi ni mali yangu moja kwa moja."

Si kweli, ingawa hakuna haja ya kuogopa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuikalia na kuitumia. Haki hiyo ina uzito: mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba hata haki ya ardhi ya kimila isiyo na hati ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia.

Jambo la kuuliza ni ardhi hiyo iko katika fungu gani. Sheria mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi Na. 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zinagawa ardhi katika mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Ya jumla inashughulikiwa na Kamishna wa Ardhi na maofisa wake, ya kijiji inasimamiwa na kijiji chenyewe, na ya hifadhi hainunuliwi. Shamba moja haliwezi kuwa katika mafungu mawili, lakini kuna wauzaji wanaoishi kwa kuchanganya mafungu hayo. Mtu anakuuzia kwa utaratibu wa kijiji eneo ambalo kwenye ramani ya wilaya ni shamba la mkonge lenye hati ya zamani, au ni msitu uliotangazwa. Kabla hujamuuliza muuzaji bei, pita ofisi ya ardhi ya wilaya uulize swali hilo moja.

"Hati ya kimila haina nguvu kama hati ya wizarani."

Si kweli. Sheria inasema waziwazi kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Tena hati ya serikali hutolewa kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99, wakati mwanakijiji anaweza kushika haki ya kimila bila ukomo na kuirithisha. Benki nyingine bado huipokea kwa shingo upande kama dhamana, lakini hiyo ni tabia ya benki.

"Mwenyekiti akisaini na kugonga muhuri, biashara imekwisha."

Si kweli, na kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii.

Mtu anapomuuzia mwingine ardhi ya kijiji, kibali kinatolewa na halmashauri ya kijiji. Hiki ni chombo cha wajumbe 15 hadi 25, chenye vikao na mihutasari. Mwenyekiti anaongoza kikao lakini hageuki kuwa kikao. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mara nyingi ndiye dalali humleta shambani kwa sababu anapatikana upesi, ni shahidi mzuri wa mipaka na hana mamlaka zaidi ya hapo. Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na kibali cha halmashauri ya kijiji ni batili. Batili maana yake ni kwamba fedha imetoka mfukoni na haki haijatoka kwa muuzaji. Umebaki na deni la kumdai mtu ambaye pengine ameshanunua pikipiki na kuhamia kwingine.

Halmashauri ya kijiji ina wajibu pia wa kumtazama mnunuzi: ni raia? Anaishi au anafanya kazi kijijini, au ana nia ya kufanya hivyo? Watu wa mjini huona maswali haya kama usumbufu. Mimi naona kijiji kisichouliza maswali hayo ni cha kukimbiwa, kwa sababu kilivyokukubali wewe bila kukutazama ndivyo kitakavyomkubali wa pili na wa tatu juu ya shamba lilelile.

Kama ardhi haitoki kwa mtu bali ni akiba ya kijiji, kibali kinapanda ngazi. Hapo halmashauri haiwezi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo omba nakala ya muhtasari yenye majina na sahihi za waliohudhuria, kisha kaa na wajumbe wawili watatu kwenye kahawa uwaulize kama wanakumbuka kikao hicho. Kikao cha kubuni hakina wanaokikumbuka.

Halafu kuna "asilimia kumi ya ofisi". Vijiji vingi, na mitaa ya pembezoni mwa miji, vitakuambia utoe kumi kwa mia ya bei. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haimpi mwenyekiti asilimia yoyote. Ada halali hulipwa kijijini na hutolewa risiti ya serikali. Ubaya wa asilimia kumi hauishii kwenye fedha yenyewe, kwani inamfanya mtu aliyepaswa kulichunguza jambo awe na faida katika kuliharakisha.

"Kijiji kinaruhusiwa kuuza mpaka ekari 50."

Kuna chembe ya ukweli iliyogeuzwa. Kijiji hakiuzi, kinagawa. Kanuni za mwaka 2001 zinakiruhusu kugawa mpaka hekta 20, ambazo ni karibu ekari 50. Kati ya hekta 20 na 50 lazima halmashauri ya wilaya iridhie, na zaidi ya hapo suala linafika kwa Kamishna wa Ardhi.

Ujanja unaotokana na kanuni hiyo unajulikana. Mtu anataka ekari 300, basi zinakatwa vipande sita vya ekari 50, kila kimoja kwa jina la shemeji, binamu au dereva, na mihutasari yote sita ina tarehe moja na mwandiko mmoja. Ukiuziwa "kipande" cha namna hiyo miaka kumi baadaye, unanunua mgogoro uliokuwa unasubiri uongozi mpya wa kijiji uingie madarakani.

Tena kuna ardhi ambayo haigawiwi kwa mtu hata iwe robo ekari: ile iliyotengwa kwa matumizi ya pamoja, kama malisho, msitu wa kijiji, mapito ya mifugo na makaburi. Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kina ramani yake ofisini. Iangalie. Eneo unaloonyeshwa mwezi wa nne likiwa na nyasi za kiunoni na hakuna kiumbe, mwezi wa tisa huenda lina ng'ombe mia tano, na wenye ng'ombe wana haki ya kuwapo kuliko wewe. Mahali pengine wageni hao ni tembo. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni ushoroba wa wanyama, na tangu mwaka 2018 kuna kanuni za kulinda shoroba. Shamba la bei ya chini kupita kiasi katika eneo kama hilo lina sababu ya kuwa na bei hiyo.

"Ekari ni hatua sabini kwa sabini."

Inategemea miguu ya nani. Ekari ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 akihesabu 70 anapata mita 63, na ekari yake ni karibu kamili. Hatua ya sentimita 75, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa mtu anayepita kwenye visiki na matuta, inafika mita 52.5. Ukizidisha unapata mita za mraba 2,756, yaani chini ya asilimia 70 ya ekari. Aliyelipia ekari kumi kwa hatua hizo ana pungufu ya ekari saba. Wengine husema "mita 70 kwa 70", na hapo anayepunjwa ni muuzaji, maana hiyo ni ekari moja na zaidi ya moja ya tano.

Utepe wa mita 50 hauna gharama ya kutisha, na simu yenye jipiesi inatosha kukuonyesha kama ekari 20 unazoambiwa ni 20 au 13. Usiitumie simu kugombania mpaka wa kiwanja, kwa sababu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, lakini kwa shamba kubwa inaumbua uongo haraka. Chukua namba za kila kona na uziandike ndani ya mkataba, siyo kwenye karatasi ya pembeni.

Mipaka yenyewe mara nyingi imepandwa: masale Uchagani, kwingineko minyaa, mibono au mkonge. Alama hizo zina heshima kubwa, na mahakama huzitazama. Mmea mchanga kwenye mpaka wa zamani ni swali. Tembea mpaka wote, siyo kona mbili na kuonyeshwa kwa kidole, na kila unapofikia jirani mpya awepo yeye mwenyewe. Jirani akikosekana siku hiyo, ahirisha. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mwache aje.

"Njia ipo, watu wote wanapita hapa."

Hapa ndipo wanunuzi wengi makini wanapoanguka, kwa sababu wamechunguza shamba lenyewe vizuri na kuisahau njia iliyowafikisha.

Tuseme kuna shamba la ekari 20 lililogusa barabara. Mwenye shamba anafariki, linagawanywa kwa watoto watano, na wawili kati yao vipande vyao viko nyuma. Miaka yote wanapita kwa kaka yao aliye mbele, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba hilo ni jambo. Mmoja wa walio nyuma anakuuzia wewe. Unapelekwa kwa gari katikati ya mikorosho ya kaka yule, unaona njia safi yenye alama za matairi, unaridhika. Kaka akigombana na mdogo wake juu ya mgawo wa fedha za mauzo, au akiuza naye kwa mtu anayependa seng'enge, unajikuta na shamba zuri ambalo unaliona kwa mbali tu.

Njia za kijijini ziko za aina tatu, na kwa macho zote zinafanana. Ya kwanza ni ya umma: barabara ya kijiji au ya wilaya, iliyo kwenye ramani, ambayo hakuna mtu binafsi anayeweza kuifunga. Barabara za wilaya tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, nao wanajua zipi ni zao. Ya pili ni haki ya mapito juu ya ardhi ya mtu mwingine, iliyoandikwa na kusajiliwa. Haki hiyo inafuata ardhi: mwenye ardhi akifa au akiuza, anayemfuata anaikuta na anapaswa kuiheshimu. Ya tatu ni hisani. Jirani hajali, basi unapita. Nijuavyo mashamba yetu, nyingi ni za aina hii ya tatu.

Je, kupita kwa muda mrefu hakujengi haki? Kunaweza. Sheria ya ukomo wa madai inatambua mapito yaliyotumiwa kwa amani, waziwazi, kama haki ya mpitaji na bila kukatizwa kwa miaka 20. Uzito uko kwenye "kama haki". Anayepita kwa ruhusa, anayebisha hodi kila msimu na kupeleka kikapu cha mahindi kushukuru, hajengi chochote, hata apite miaka 40. Uungwana wake ndio ushahidi kwamba njia haikuwa yake. Ni jambo gumu kulimeza katika nchi ambako kuomba ni adabu, lakini ndivyo lilivyo, na hakuna dawa yake isipokuwa kuandika.

Andika kabla ya kulipa, kwa sababu ukishalipa jirani anajua huna pa kwenda na bei ya njia hupanda. Makubaliano yataje upana. Njia ya bodaboda siyo njia ya Fuso, na mtu anayenunua ekari 30 za kulima atahitaji kutoa mazao kwa Fuso. Yataje pia nani anaitengeneza mvua ikiikata. Wasaini jirani na mkewe, mchoro uambatanishwe, na yapitie halmashauri ya kijiji. Kama eneo linapimwa, mpimaji aiweke njia kwenye ramani. Na usiende kuitazama kiangazi peke yake. Kuna njia zinazopita mabondeni ambazo kuanzia Machi mpaka Mei ni mito.

Sarafu hii ina upande wa pili, ambao watu wa mjini hawapendi kuusikia. Ukinunua shamba lenye kijia kinachokatiza katikati kwenda kisimani, shuleni au makaburini, unalinunua pamoja na kijia chake. Mnunuzi mpya anayezungusha seng'enge wiki ya kwanza na kuwalazimisha akina mama kuzunguka kilometa mbili na ndoo kichwani anaweza kuwa na hati safi kabisa, na bado akawa amefunga njia yenye umri mkubwa kuliko hati hiyo. Mara nyingi kesi haifiki hata barazani. Seng'enge hukatwa usiku, na anayesaka aliyekata hupata kijiji kizima ambacho hakikuona kitu. Acha mlango, au kubaliana nao mkihamishie pembeni, mkaandike kwenye muhtasari.

"Shamba ni la marehemu baba, na sisi watoto wote tumekubaliana."

Haitoshi. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, na muhtasari wake ni hatua ya kwenda mahakamani, siyo mbadala wa mahakama. Watu husaini muhtasari wa ukoo wakiwa saba, baadaye anatokea wa nane aliyekuwa Mwanza, au mtoto wa nje ya ndoa, au mjane wa pili, na kila mmoja ana hoja. Omba barua ya usimamizi, kisha nenda kwenye mahakama iliyoitoa uhakikishe namba ya shauri.

Muuzaji aliye hai naye ana watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na shamba ambalo mke amelilima miaka yote linaleta hoja hizohizo. "Mke wangu anajua" si ridhaa. Awepo, asaini, na aulizwe pembeni mume akiwa hayupo. Usione haya kuuliza.

Kwa ardhi ya ukoo, kama vihamba vya Kilimanjaro au vibanja vya Kagera, kuna tabaka jingine. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alipinga kwa sababu kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema ubaguzi huo unakwenda kinyume cha Katiba, na mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Wengi hukumbuka hukumu hiyo kwa sehemu hiyo tu. Mnunuzi akumbuke na sehemu ya pili: haki ya mwanaukoo kulikomboa shamba lililouzwa kwa mgeni, kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, haikufutwa.

"Hapa palikuwa pa babu kabla ya Vijiji vya Ujamaa, tumerudi kuchukua chetu."

Si kweli, ingawa kwa historia yetu nawaelewa wanaosema hivyo. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwa mamilioni, na ardhi ya huyu akapewa yule. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikata mzizi wa mgogoro huo kwa kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Aliyepewa wakati huo, na wanaopata haki kutoka kwake, ndiye mwenye haki. Anayekuuzia kwa madai ya kabla ya hapo anakuuzia kumbukumbu ya babu yake.

Jambo linalofanana na hilo lipo kwenye mashamba makubwa ya zamani, hasa ya mkonge mikoani Tanga na Morogoro. Watu wameishi ndani yake kizazi kizima, wana nyumba za tofali na misikiti, wanauziana kwa karatasi za kitongoji, na hati ya shamba bado iko hai kwa jina la kampuni. Rais ana uwezo wa kufuta hati za mashamba yaliyotelekezwa, na amefanya hivyo mara kadhaa, lakini mpaka afute na ardhi igawanywe upya kwa utaratibu, anayenunua hapo ananunua tumaini. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utakuonyesha jina la mmiliki, na pia kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya hati hiyo.

"Mume wangu si raia, lakini tukiandika jina la kaka yangu haina shida."

Shida ipo. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya sheria za uwekezaji. Ukiandika jina la kaka, mwenye shamba ni kaka, na siku akifariki ni watoto wake.

"Kila kilicho ndani ya mipaka yangu ni changu."

Madini hapana, ni ya Jamhuri ya Muungano. Mtu mwingine anaweza kupewa leseni juu yake, na wewe ukabaki na haki ya kushirikishwa na kulipwa fidia ya unachoharibiwa. Mto hapana: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na ufuko wa bahari, na kuvuta maji kwa kilimo cha biashara kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Dalali anayesifia "ekari tano zote zimegusa mto" anakuuzia vipande ambavyo hutajenga.

Kandokando ya lami, barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Chini ya nyaya kubwa za umeme na juu ya mabomba kuna mikuza. Lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na sehemu kubwa yake imepita kwenye mashamba ya Watanzania. Miti nayo ina mambo yake: Pwani si ajabu minazi au mikorosho iwe ya mtu mmoja na udongo wa mwingine, kwa hiyo mkataba useme miti imo au haimo. Mninga wa asili ulioukuta shambani hauukati bila kibali cha misitu.

"Nikishalipa, naliacha mpaka nistaafu. Ardhi haiozi."

Ardhi haiozi, lakini haki inaweza kuoza. Ardhi ya kijiji isiyotumiwa kwa miaka mitano au zaidi inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na halmashauri ya kijiji, baada ya kutoa tangazo, ikaanza utaratibu wa kuirudisha. Kuipumzisha kwa kilimo ni matumizi. Kuisahau siyo.

Wakati huohuo kuna aliyekwisha kuingia. Inasemwa kwamba akikaa miaka 12 shamba ni lake, na hilo ni nusu kweli. Kipindi cha kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na ukikaa kimya muda wote huo huku mtu analitumia waziwazi kama lake, unaweza kuchelewa. Lakini uliyemkaribisha mwenyewe hawezi kukugeuka: mahakama zetu zimesema tangu miaka ya 1960 kwamba mwalikwa hamfukuzi mwenyeji. Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya swali la kama alikaribishwa au alijiingilia, na bila maandishi ni neno lako dhidi ya lake, mbele ya baraza la ardhi la kijiji ambalo wajumbe wake ni majirani zake.

Mwandikie basi unayemwachia shamba. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake, ekari anazolima, kwamba analima kwa ruhusa yako, asipande mazao ya kudumu, na mwisho wa msimu utakaporudi kuzungumza naye tena. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Kila msimu iandikwe upya, hata kama mmeshakuwa kama ndugu.